Mdoli wa Stavanger na dakika ya kwanza ya mtoto wako

Mama wa Mogitu, wilayani Hanang, anaposhikwa na uchungu usiku, familia huwaza pikipiki, matope na giza. Wachache huwaza kwamba akishafika kituoni, uhai wa mtoto unaweza kuamuliwa na dakika moja tu.

Ni dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Wataalamu huiita dakika ya dhahabu. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada ili aanze kupumua: hukaushwa, husuguliwa mgongo, na asipoitikia hupewa hewa kwa mfuko maalumu na barakoa.

Namna wakunga wanavyojifunza kazi hiyo inaiunganisha Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, na Stavanger, mji wa bandari ulio kusini magharibi mwa Norway. Haydom ilianzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, na watafiti wake wameshirikiana kwa miaka mingi na wenzao wa Stavanger.

Mtafiti wa Haydom anayekwenda huko kwa mkutano, akipata jioni moja ya kutembea, hahitaji gari. Karibu na bandari upo mji mkongwe wenye nyumba nyeupe za mbao, na humo kiwanda cha zamani cha samaki wa makopo kimegeuzwa makumbusho. Watalii huenda kupanda Preikestolen, jabali la mita 604 juu ya maji. Kwa aliyekulia chini ya Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, hicho ni kilima tu.

Kinachomgusa zaidi katika mji huo ni habari ya mtengeneza midoli.

Baba aliyenusurika kufiwa

Åsmund Lærdal alianzisha kampuni yake Stavanger mwaka 1940, akauza vitabu na vitu vya kuchezea watoto. Miaka ya 1950, mwanawe Tore, mwenye miaka miwili, nusura afe maji. Baba alimtoa na kumsafisha njia ya hewa, mtoto akapona.

Mwaka 1960 kampuni hiyo ikatoa Resusci Anne, mdoli wa kufundishia watu namna ya kumrudishia mwenzao pumzi. Baadaye ukaja NeoNatalie, mdoli wa kichanga unaojazwa maji ili uwe na uzito wa mtoto halisi.

Haydom yatoa somo

Mwaka 2010 wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja. Kwenye mdoli walifanya vizuri, lakini wodini mambo hayakubadilika. Mwaka 2011 utaratibu ukabadilishwa: mazoezi ya dakika chache kila wiki, palepale wodini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Ushirikiano huo ulizaa pia kifaa cha kupima mapigo ya moyo wa mtoto akiwa tumboni. Jina lake ni la Kiswahili: Moyo.

Mpango ukapanuliwa hadi vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, watafiti Benjamin Kamala na Estomih Mduma wa Haydom wakiwa miongoni mwa waandishi, yalionyesha vifo vya watoto siku ya kwanza vimepungua kwa asilimia 40, na vya akina mama kwa asilimia 75.

Wewe mzazi ufanye nini?

Mazoezi ya mkunga hayamsaidii mtoto aliyezaliwa njiani. Kwa hiyo:

- Anza kliniki mapema, baba naye aende.
- Weka akiba ya nauli na namba ya dereva mnayemwamini kabla ya mwezi wa tisa.
- Kama nyumbani ni mbali au barabara hukatika wakati wa mvua, mama asogee mapema kwa ndugu anayeishi karibu na kituo.
- Msisubiri asubuhi mkiona damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, degedege, chupa kupasuka au mtoto kupunguza kucheza.

Mkunga amejizoeza kwa ajili ya dakika moja. Kazi ya familia ni kuhakikisha dakika hiyo inamkuta mama akiwa mikononi mwake, si juu ya pikipiki.