Magoti Yanayosagika na Dawa za Kichina

Wengi mmeniuliza kuhusu vidonge vya Kichina vya maumivu ya magoti, hasa akina mama waliopita miaka 50 na wenzetu wanaosimama kutwa kazini. Leo nijibu kama muuguzi.

Ugonjwa wenyewe, osteoathritisi, ndio tunaouita kusagika kwa viungo. Gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika, goti likauma na asubuhi likakakamaa.

Je, dawa hizo zina kitu ndani? Baadhi zinacho. Wachina hutumia ubani na manjano, vitu tunavyovijua tangu nyumbani. Katika maabara, kurkumini ya manjano na asidi za ubani hupunguza uvimbe. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yalionyesha dondoo ya ubani wa India ikipunguza maumivu kidogo. Lakini hakuna iliyothibitishwa kurudisha gegedu lililolika. Na ubani wa kufukizia nyumba si wa kumeza!

Tahadhari mbili:

1. Kilichoandikwa huenda si kilichomo. Ubelgiji, miaka ya mwanzo ya 1990, mmea wa Kichina uitwao fangji, unaotumika pia kwa maumivu ya viungo, ulibadilishwa na aristolochia yenye sumu katika vidonge vya kupunguza unene. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo. Vidonge vingine vya "mitishamba" vimekutwa na steroidi zilizofichwa. Maumivu yakiisha ghafla kwa siku mbili, usishangilie, jiulize.

2. Dawa hugongana. Mzizi wa danshen huongeza nguvu ya warfarini, na mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Vidonge vya manjano navyo si salama kwa anayetumia warfarini.

Basi tufanyeje? Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2022 unatanguliza mazoezi ya kuimarisha misuli na kupunguza uzito kwa walionenepa, kisha dawa ya kupaka gotini. Ukitaka kujaribu vidonge vya Kichina, mpelekee kwanza daktari au mfamasia pakiti yenyewe. Tafadhali usimfiche kwa kuogopa kuchekwa; anahitaji kujua unachomeza.

Na goti likivimba ghafla, likiwa la moto na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nawatakia afya njema.