Shule ya Urubani: Usiulize Bei ya Saa Peke Yake

Asubuhi yenye anga safi, foleni ya ndege katika uwanja wa Wilson, Nairobi, huanza mapema. Mbele kuna Caravan inayopeleka watalii Maasai Mara, nyuma yake Cessna 172 ya mafunzo, na nyuma zaidi Dash 8 inayoelekea pwani. Ndani ya Cessna, mwanafunzi ameketi kushoto na mkufunzi kulia. Injini inanguruma, magurudumu yamesimama, na mita iliyo mbele yao inazidi kuhesabu. Dakika hizo za kusubiri zamu zitaingia kwenye ankara ya mwanafunzi sawasawa na zile atakazokuwa angani.

Hapo ndipo wengi wanaotafuta shule ya kusomea leseni ya urubani binafsi, yaani PPL, hupotea. Huuliza saa moja ni shilingi ngapi, wakalinganisha shule mbili tatu, wakachagua ya bei nafuu. Leseni hii humruhusu mtu kurusha ndege ndogo na kubeba jamaa au marafiki bila kulipwa, na kwa anayetaka kuajiriwa baadaye ndiyo ngazi ya kwanza.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mwanafunzi awe ametimiza miaka 17 na ameruka saa zisizopungua 40, au 35 akisoma katika kozi iliyoidhinishwa. Kumi kati ya hizo aruke peke yake, ikiwemo safari ya angalau kilomita 270 ambayo ndani yake atatua katika viwanja viwili tofauti. Nchi za Ulaya na Afrika Kusini zinadai saa 45.

Hicho ni kiwango cha chini tu. Wanafunzi wengi hupita saa 50 kabla ya kuwa tayari kwa mtihani. Tuchukue mfano wa kubuni: shule moja inatoza shilingi 20,000 kwa saa, nyingine 23,000. Anayemaliza kwa saa 70 katika shule ya kwanza atalipa 1,400,000. Mwenzake akimaliza kwa saa 55 katika ile ya pili, atalipa 1,265,000. Aliyekimbilia rahisi ndiye aliyelipa zaidi.

Saa huongezeka kwa sababu zinazojulikana. Ndege ikikaa karakana wiki tatu ikingoja kipuri, mkono wa mwanafunzi husahau, na somo la kutua hurudiwa. Mkufunzi naye mara nyingi ni kijana anayekusanya saa zake ili aajiriwe na shirika la ndege. Akiondoka katikati ya kozi, anayempokea huanza kwa kumpima mwanafunzi upya, na upimaji huo pia hulipiwa. Kwa hiyo anayetafuta shule aulize: ni ndege ngapi zinazoruka wiki hii, si zilizopigwa picha kwenye tangazo? Kila mkufunzi ana wanafunzi wangapi? Waliomaliza mwaka jana walitumia saa ngapi?

Majibu mengine hayahitaji kuulizwa. Mgeni akisimama kando ya ndege wakati wa ukaguzi wa asubuhi, atamwona mwanafunzi akitoa mafuta kidogo chini ya bawa, akiyaweka kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani na kukiinua kwenye mwanga. Anatafuta maji, kwa kuwa yakifika kwenye injini inaweza kuzimika. Shule ambayo mkufunzi anasimamia jambo hilo bila haraka, hata foleni ikiwa inasubiri, imeshajieleza yenyewe.

Mahali penyewe pana uzito wake. Wilson, uwanja uliotokana na kampuni ya ndege iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo ndege hapo huhitaji njia ndefu zaidi kupaa, hasa jua likiwaka. Anayejifunzia hapo huzoea hali hiyo tangu siku ya kwanza. Huzoea pia kuzungumza na mnara wa kuongozea ndege bila kubabaika.

Lakini msongamano una hatari yake. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na Dash 8 ya abiria karibu na Wilson. Waliokuwa ndani ya Cessna, wawili, walifariki. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Katika kiwanja kidogo kama Orly, Kajiado, hakuna foleni ya ndege kubwa, na kwa saa ileile mwanafunzi anaweza kutua na kupaa mara nyingi zaidi. Shule nzuri hutumia mazingira yote mawili, nayo iweze kueleza namna inavyowatenganisha wanafunzi wake na ndege za abiria.

Wapo wanaotazama mbali zaidi. Uganda ina chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali. Wengine huenda Afrika Kusini au Marekani. Anayekwenda Marekani kusomea urubani huhitaji viza ya masomo, kwa kawaida ya aina ya M-1, pamoja na kibali cha TSA, idara ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo. Leseni ya nje pia haitumiki moja kwa moja kurushia ndege iliyosajiliwa nyumbani: lazima itambuliwe au ibadilishwe na mamlaka ya nchi husika, na gharama hiyo iwekwe kwenye hesabu mapema.

Kabla ya kulipa karo yoyote, nenda kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga upate cheti cha afya cha daraja la pili. Tatizo la macho au moyo ni afadhali lijulikane wakati huo. Kisha thibitisha kwa mamlaka hiyo, KCAA nchini Kenya au TCAA ukiwa Tanzania, kwamba kibali cha shule bado ni hai. Lipia somo moja la majaribio, omba mchanganuo wa gharama kwa maandishi, ukiwemo mtihani na ada ya kutua, na lipa kwa awamu. Shule inayodai fedha zote siku ya kwanza, iache.