Mifupa Inauma na Umelelewa Nax? Usikimbilie Tembe za Vitamini D

Wasee wa Nax Vegas, hii risto ni yenu. Ukicheka Nairobi, mtu anauliza, "We ni wa Nakuru, ama?" Hayo madoa ya kahawia kwa meno si uchafu. Ni floraidi ya maji ya visima uliyokunywa ukiwa mtoi, meno yakiundwa bado. Na haiishii kwa meno. Ikizidi kwa miaka mingi, inaingia mifupani.

Hapo ndio daktari huchanganyikiwa. Mtoi akiwa na matege, ama wewe nyonga na mgongo zikuume mpaka kupanda ngazi za keja iwe vita, labda mifupa imelainika juu ya kukosa vitamini D. Labda ni floraidi. Labda ni zote mbili, haswa kama chakula hakina kalsiamu ya kutosha. Kwa macho huwezi jua, na msee wa duka la dawa pia hawezi.

Damu ndio huanza kusema. Wanapima vitamini D, kalsiamu, fosfeti na kimeng'enya kinaitwa alkalaini fosfatezi, ambacho kawaida hupanda mfupa ukilainika. Vitamini D ikiwa chini ya nanogramu 12 kwa mililita, huo ni upungufu wa ukweli. Figo pia zipimwe, kwa sababu ndizo humalizia kuiamsha hiyo vitamini.

Halafu eksirei. Ya mtoi hupigwa goti na kifundo cha mkono: ncha za mfupa uliolainika huwa zimepanuka na kuchakaa kama ufagio wa zamani. Mfupa wa floraidi mara nyingi huonekana mzito na mweupe kupita kawaida.

Utasema tuko karibu na ikweta, jua si liko? Liko, lakini wewe uko ndani na hudi asubuhi mpaka jioni. Na la dirisha la matatu usilihesabu, kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D.

Ukifika kwa daktari, mwambie ulilelewa wapi na mlichota maji wapi. Asipouliza, sema tu.

Kuchemsha hakutoi floraidi, manze. Maji hupungua, yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru iliunda vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na hivyo ndivyo huinasa.