Je, Wajua? Kahawa Baridi Hupimwa kwa Mizani

Je, wajua kwamba siri ya kahawa ya kuloweka kwa maji baridi ni uzito, si idadi ya vijiko? Gramu 100 za kahawa iliyosagwa chengachenga hutaka mililita 800 za maji yaliyochemshwa yakapoa, yaani sehemu 1 kwa 8. Funika, weka kwenye friji kwa saa 12 hadi 18, kisha chuja kwa kitambaa safi. Utapata kama mililita 600, maana kahawa hunyonya maji takriban mara mbili ya uzito wake.

Ukiwa Kampala, angalia pia aina ya buni. Arabika ya Bugisu, kutoka miteremko ya Mlima Elgon, inafaa kipimo hicho. Robusta, mmea wa asili wa misitu ya Uganda na kahawa inayolimwa zaidi nchini, ina kafeini karibu maradufu na uchungu zaidi. Hiyo ianzie gramu 80 kwa maji yale yale, uonje, kisha urekebishe.

Wataka kahawa nzito ya kuzimua? Loweka sehemu 1 kwa 4, na wakati wa kunywa changanya na maji au maziwa, nusu kwa nusu.