Ahadi ya Muuzaji: Jinsi Pointi Zichumwavyo na Thamani Yake Ipunguavyo

Katika soko la Mbale, mji ulalao chini ya majabali ya Wanale, mama auzaye nyanya huzipanga mafungu mafungu juu ya gunia, na mteja aliyekwisha kulipa fungu lake hasogei upesi, bali husimama akiitazama mikono ya muuzaji mpaka nyanya moja au mbili za nyongeza zitupwe kikapuni. Ndipo wawili hao huagana kwa wema, kila mmoja akijua kwamba siku nyingine mteja atarudi pale pale. Nyongeza hiyo haina kadi, haina nambari ya siri, haina masharti yaliyopigwa chapa kwa herufi za mchwa, na juu ya yote haina ahirisho: hutolewa papo kwa papo, hupikwa jioni ile ile, wala hakuna awezaye kuamka kesho akatangaza kuwa nyanya iliyoliwa jana imepungua thamani.

Matajiri wa zama zetu, wenye benki, wenye ndege, wenye simu na wenye maduka makuu, nao hutoa nyongeza, lakini ya namna nyingine. Wao huandika daftarini kuwa mteja fulani ametumia kiasi fulani, humhesabia pointi kwa kadiri ya matumizi yake, na humwahidi kuwa zikitimia idadi maalumu atazibadili kwa tiketi ya safari, muda wa maongezi, birika au pasi. Mteja hufurahi, naye ana haki ya kufurahi. Lakini kwa rai yangu watu wengi huzitazama pointi zao kana kwamba ni akiba iliyowekwa amana, hali ya kuwa ni ahadi tu, na mwenye kuahidi ndiye peke yake ahesabuye, ndiye apangaye bei, na ndiye awezaye kuibatilisha.

Asili ya jambo hili ilikuwa na insafu zaidi. Mwezi wa Desemba 1844, katika mji wa Rochdale kaskazini mwa Uingereza, wafumaji na mafundi wachache walifungua duka la ushirika wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa, nao wakaweka kanuni kuwa faida itakayosalia baada ya gharama igawiwe wanachama, kila mmoja kwa kadiri ya alivyonunua. Aliyenunua zaidi alipata zaidi, kama ilivyo katika pointi za leo. Ila mshitiri wa Rochdale alikuwa ndiye mwenye duka pia, alikuwa na kura yake, na aliweza kusimama mkutanoni akataka aonyeshwe vitabu vya hesabu.

Wakazi wa mlima Masaba, ambao Mbale iko chini yake, hawahitaji kwenda Uingereza kulifahamu hilo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoundwa mwaka 1954 na ambacho makao yake ni Mbale, kilikusanya kahawa ya arabika kutoka vyama vidogo vya vijijini; mkulima alipokea malipo ya kwanza alipoifikisha kahawa yake, kisha, kahawa ikishauzwa na hesabu zikifungwa, alitazamia malipo ya pili kwa kadiri ya uzito alioleta. Risiti aliyoichomeka mkulima katika paa la nyumba yake ilikuwa na tabia ya pointi kabisa, maana ilishuhudia kuwa kuna kitu kitakachokuja baadaye ambacho kiasi chake hakijajulikana. Chama hicho hakikukosa fitina na migogoro, hata mwaka 1958 serikali ya kikoloni ikaingilia uongozi wake. Walakini katika ugomvi wote huo mkulima aligombania kitu kilichokuwa haki yake, si hisani ya tajiri, na huo ndio mpaka ambao pointi za leo zimeuvuka bila ya kelele.

Waliouvuka kwanza ni Wamarekani. Mwaka 1896 kampuni ya Sperry and Hutchinson ilianza kuwauzia wenye maduka stempu za kijani, nao wakawagawia wateja kwa kila manunuzi. Mteja alizibandika kitabuni, na kitabu kikijaa alikipeleka kubadilishana na vyombo vya nyumbani. Duka halikutoa tena sehemu ya faida yake, bali lilinunua ahadi kwa mtu wa tatu na kuigawa. Tarehe 1 Mei 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage, maili zikashika mahali pa stempu, na mwaka 1987 benki ya Citibank ikatoa kadi ya mkopo iliyomhesabia mwenyewe maili hata akinunua viatu. Tangu hapo benki zimekuwa zikinunua maili kwa jumla kutoka kwa mashirika ya ndege na kuzigawa kwa rejareja kwa watu ambao pengine hawapandi ndege kabisa.

Je, benki hupata wapi fedha ya kununulia takrima hiyo? Tuseme mgeni amelala katika hoteli mojawapo ya Jinja, karibu na mahali Naili iagapo ziwa, na asubuhi akalipa shilingi 100,000 kwa kadi. Mwenye hoteli hazipokei 100,000 kamili. Mashine ile ya kadi ina ada yake, na sehemu ya ada hiyo hurudi kwa benki iliyompa mgeni kadi, na humo ndimo pointi zitokamo. Naye mwenye hoteli si mjinga: huichanganya ada ile katika bei ya chumba na ya samaki, na bei hiyo hulipwa sawasawa na mwenye kadi na mwenye noti, hata fundi wa baiskeli aingiaye kunywa soda kwa fedha taslimu akawa amechangia, asijue, safari ya mtu asiyemfahamu. Ushahidi ni kwamba palipopunguzwa ada, pointi nazo zilikonda. Benki Kuu ya Australia ilizibana ada hizo mwaka 2003, na benki za huko zikawa zinatoa pointi chache kwa kila dola iliyotumiwa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo mwaka 2015, na leo mwenye kadi wa Ulaya huambulia kidogo sana akilinganishwa na mwenzake wa Marekani, ambako ada zimebaki juu.

Hayo ni kwa alipaye deni lake lote kila mwezi. Asiyelipa lote yu katika hesabu nyingine, tena mbaya. Tuchukue mfano wa kadi impayo mtu pointi zenye thamani ya shilingi 1 kwa kila shilingi 100, nayo ikatoza riba ya asilimia 2 kwa mwezi: deni likilala nusu ya mwezi tu, riba imekwisha kuzimeza pointi zote za manunuzi yale, na siku zifuatazo zote ni hasara tupu. Kwa Mwislamu riba ina hukumu yake kabla hata ya hesabu. Lakini hata asiyeshughulishwa na hukumu ataona kuwa pointi zimewekwa hapo kama chambo, na kwamba benki haipati hasara kwa samaki anayekula chambo akabaki ndoanani.

Ni kweli kwamba huku mashariki ya Uganda wenye kadi za mkopo ni wachache. Mlango wa pointi kwa watu wengi ni simu: MTN Uganda ina mpango wake uitwao Senkyu, na ng'ambo ya mpaka, kwa Wabukusu wa Bungoma ambao ni ndugu wa damu wa Wamasaba, kila mtu azijua pointi za Bonga za kampuni ya Safaricom. Hizi Bonga zastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa zimepitia karibu kila hali ipasayo kupitia pointi.

Mpango wa Bonga ulianza mwaka 2007, kwa kanuni ya pointi 1 kwa kila shilingi 10 za Kenya atumiazo mteja. Kwa muda mrefu pointi zilibadilishwa kwa dakika za maongezi, ujumbe na simu za mkononi, vitu ambavyo Safaricom yenyewe ndiyo iliyovipangia bei, hata ikawa taabu kwa mteja kusema pointi moja ina thamani gani hasa. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, kampuni iliruhusu pointi zitumike kulipia bidhaa madukani kwa njia ya M-Pesa, huduma yake ya fedha za simu, kila pointi ikihesabiwa senti 30. Kwa mara ya kwanza ahadi ile ikawa na bei ambayo kila mtu aliweza kuisoma. Baadaye senti 30 zikawa 20. Mtu aliyekuwa na pointi 1,000, alizozichuma kwa kutumia shilingi 10,000, aliziona zikishuka kutoka shilingi 300 hadi 200 bila ya yeye kutenda kosa lolote. Kisha mwaka 2022 ikatangazwa kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2023 pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu bila kutumiwa zitaanza kufutwa, na waliozitunza kwa subira, wakidhani subira huvuta heri, ndio waliokuwa hatarini kuliko wote.

Mashirika ya ndege hutumia njia ya siri zaidi. Hapo kale kulikuwa na jedwali lililochapishwa: safari fulani, maili kadha. Mwaka 2015 shirika la Delta la Marekani liliondoa jedwali lake, na tangu hapo bei ya tiketi kwa maili hupanda na kushuka kama bei ya mahindi. Pasipo jedwali hakuna tena siku ya kutangaza kuwa thamani imepunguzwa, wala siku ya wateja kulalamika.

Wazee wa Mbale na Jinja hawahitaji kufundishwa maana ya thamani kupunguzwa. Mwezi wa Mei 1987, mwaka ule ule ambao Citibank ilitoa kadi yake ya maili, serikali ya Uganda ilibadili fedha, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikatoza asilimia 30 kwa kila fedha iliyobadilishwa. Watu waliumia na hawajasahau. Hata hivyo jambo lile lilifanywa na dola, mbele ya umma, likabakia katika historia na likajadiliwa. Mwenye kupunguza pointi hubadili kifungu kimoja cha masharti ambayo mteja alikwisha kuyakubali kabla ya kuyasoma.

Tena kuna kifo. Duka kuu la Nakumatt, lenye nembo ya ndovu, lilitoka Kenya likafungua tawi lake la kwanza Uganda mwaka 2009, na wateja wake walikuwa na kadi za pointi. Mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu na matawi ya Uganda yakafungwa; mwezi wa Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe. Katika msururu wa wadai wa muflisi, mbele husimama wenye dhamana, kama benki. Baada yao huja wafanyakazi na kodi, kisha waliouza bidhaa kwa mkopo. Mwenye pointi, ikiwa atahesabiwa kuwa mdai, yu mkiani pamoja na hao wa mwisho.

Na ajabu ni kuwa kitu hiki ambacho mkononi mwa mteja ni chepesi kama unyoya, kwa mtoaji ni rasilmali nzito. Wahasibu huandika pointi zisizotumiwa kuwa ni dhima, deni la kampuni kwa wateja wake. Lakini wajua kwa uzoefu kuwa sehemu yake haitadaiwa kamwe, kwa sababu watu husahau, hufa, au hawafikii idadi inayotakiwa, na sehemu hiyo huhesabiwa kuwa mapato. Usahaulifu wa wateja, kwa hiyo, una ukurasa wake katika vitabu. Mwaka 2020, abiria wakiwa wamejifungia majumbani, shirika la United liliuweka rehani mpango wake wa maili likakopa dola bilioni 6.8, nao wakopeshaji waliridhika, maana benki ziliendelea kununua maili hata ndege zikiwa zimeegeshwa.

Basi mwenye busara afanyeje? Sioni sababu ya kuzikataa pointi, maana gharama yake imekwisha kutiwa katika bei. Azichukue, asinunue kitu kwa ajili yake, na azitumie mapema kwa jambo ambalo angelilipia vyovyote vile. Mwenye kuzilimbikiza miaka mitano akingojea safari ya Mombasa ajue kuwa anaweka akiba katika fedha isiyo na riba, isiyo na bima, na ambayo mwenye kuipiga chapa hana kizuizi.

Sheria ingeweza kusaidia. Jimbo la Ontario, Kanada, ambako Waganda si wachache, lilipitisha mwezi wa Desemba 2016 sheria ya kukataza pointi zifutwe kwa sababu ya kupita muda peke yake, baada ya wananchi kughadhibika kwa kuwa mpango wa Air Miles ulikusudia kuzifuta zilizozidi miaka mitano. Mpango wenyewe ulirudi nyuma hata kabla ya sheria kupita. Ila bei ya zawadi iliachwa mikononi mwa mtoaji, na mtoaji aliyekatazwa kuiba kwa kalenda bado ana mlango wa bei. Nchini Uganda, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020 inataka fedha za simu za wateja ziwekwe katika akaunti ya amana benki, mbali na mali ya kampuni. Pointi si fedha ya namna hiyo, na uzio huo hauzizunguki: mtu akifariki Wanale akaacha shilingi katika simu yake, warithi wanaweza kuzidai kwa hati ya mirathi, lakini akiacha pointi, masharti ya mipango mingi yamekwisha kusema kuwa hizo si mali yake.