Programu nazo hufungwa marobota

MFANYABIASHARA wa pamba Kanda ya Ziwa hahitaji kufundishwa faida ya robota. Pamba nyuzi ikitoka kiwanda cha kuchambulia hushindiliwa kwanza, kisha ndiyo husafirishwa. Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, hakuna anayependa kulipia behewa libebe hewa.

Hata hivyo, mwenye duka wa Makoroboi au muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba anayeagiza programu ya hesabu za stoo anaweza kuwa analipia hewa hiyo bila kujua. Mkongo wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 ulipunguza utegemezi wa setilaiti, lakini bando bado hupimwa kwa megabaiti.

Programu nyingi za namna hiyo huandikwa kwa lugha ya PHP. Fundi haandiki kila kitu. Huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na wengine kwa chombo kiitwacho Composer, kilichotolewa mwaka 2012. Chombo hicho huleta mzigo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupakua furushi lililobanwa kwa mtindo wa zipu, uliobuniwa na Mmarekani Phil Katz mwaka 1989. Ya pili ni kuchota chanzo chote kwa Git, pamoja na historia ya mabadiliko tangu mradi uanze. Historia hiyo haimsaidii muuza dagaa hata kidogo, ila megabaiti zake zinalipiwa.

Tatizo ni kwamba kompyuta ikikosa kifaa cha kufungulia zipu, Composer hurudi kwenye njia ya pili na kazi huendelea. Fundi asiyesoma onyo kwenye kioo hashtuki mpaka bando liishe. Kifaa chenyewe hupatikana bure.

Aidha, zipu si dawa ya kila mzigo. Maandishi ya programu hubanika sana, lakini picha za bidhaa za JPEG zimekwisha kubanwa. Robota halishindiliwi mara mbili. Mwaka 2018 kampuni ya Snyk ilitangaza kasoro iitwayo Zip Slip, ambapo furushi baya likifunguliwa hutupa faili nje ya folda iliyokusudiwa. Furushi lisilojulikana lilikotoka lisifunguliwe kwenye kompyuta ya mauzo.

Composer pia huhifadhi furushi lililokwisha kupakuliwa. Fundi mwenye wateja watano hulileta mara moja tu, hivyo anayetoza bando jipya kwa kila duka aombwe mchanganuo wa bili yake.