Aspirini na Matumizi Yake Salama

Aspirini ni miongoni mwa dawa kongwe zinazouzwa madukani bila cheti cha daktari, na kwa kuwa bei yake ni ndogo na jina lake limezoeleka, wengi huihesabu kuwa dawa isiyoweza kumdhuru mtu. Asili yake ni kemikali inayohusiana na ile iliyomo katika gome la mwerebi, mti ambao watu wa kale waliutumia kutuliza homa. Mwaka 1897 mkemia Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, aliitengeneza dawa hiyo katika hali safi, na mwaka 1899 ikapewa jina la aspirini. Hata hivyo, namna inavyofanya kazi haikufahamika hadi mwaka 1971, pale mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alipoieleza, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazochochea maumivu, uvimbe na homa. Lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda utando wa ndani wa tumbo usichomwe na asidi, na kwa hiyo kidonge kinachotuliza kichwa huweza pia kuchubua tumbo na kusababisha vidonda au kuvuja kwa damu. Isitoshe, aspirini hulemaza chembe sahani, ambazo ni chembe za damu zinazosaidia jeraha kuacha kutoka damu, na chembe iliyokwisha kuguswa na dawa hairudii uwezo wake katika maisha yake yote ya siku 7 hadi 10. Faida na madhara ya dawa hii, basi, hutokana na tendo moja, wala haiwezekani kuyatenganisha kwa kubadilisha jina la kidonge au rangi ya pakiti.

Kwa mtu mzima mwenye maumivu madogo ya kichwa, jino, misuli au hedhi, dozi ya kawaida ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 300, kila baada ya saa 4 hadi 6 ikiwa maumivu bado yapo, na jumla yake isizidi vidonge 12 kwa siku nzima. Ni vyema dawa imezwe baada ya chakula, kwa maji ya kutosha, na bila pombe, kwa sababu pombe huongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Wako wanaosaga kidonge na kukipaka kwenye jino linalouma. Desturi hiyo huunguza ufizi na iachwe kabisa. Kidonge kinachonuka siki nacho kitupwe, kwani harufu hiyo, ambayo hutokea upesi penye joto na unyevu, ni dalili kwamba dawa imeanza kuharibika.

Jambo linalostahili kusisitizwa zaidi ni homa. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini ila kwa agizo la daktari, kwa kuwa dawa hii, hasa mtoto anapougua tetekuwanga au homa ya mafua, imehusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao hutokea mara chache lakini hushambulia ini na ubongo na huweza kuua. Mtu mzima naye, hasa mkazi wa miji kama Dar es Salaam na Mombasa ambako homa ya dengi imekwisha kuzuka, asiikimbilie aspirini kabla ya kupimwa, maana dengi yenyewe hupunguza chembe sahani. Kwa homa ya namna hiyo paracetamol katika dozi sahihi ndiyo inayofaa.

Wenye vidonda vya tumbo, wenye pumu inayochochewa na dawa za maumivu, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na wajawazito wasiitumie bila ushauri wa mtaalamu. Yupo pia anayemeza aspirini bila kujua, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya kichwa vinavyouzwa Afrika Mashariki huchanganya aspirini, paracetamol na kafeini chini ya jina la biashara. Akiongeza ibuprofen au diclofenac, tumbo lake hubeba mzigo maradufu. Kwa upande mwingine, aliyeandikiwa aspirini ya dozi ndogo kwa ajili ya moyo asiiache kwa hofu kabla ya kuonana na daktari wake.

Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, masikio kuvuma au kupumua kwa shida ni dalili za kwenda hospitali mara moja. Anayenunua dawa ya maumivu amtajie mwuzaji maradhi aliyonayo na dawa nyingine anazotumia, kisha asome viambato vilivyoandikwa kwenye pakiti kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.